Nilitaka kitengo cha dharura kishushwe hadhi, siku nne baadaye nikaingizwa humo bila suruali

Wakuu, salaam kwenu.

Haya yamenikuta mwenyewe, siongezi chumvi. Ningekuwa natunga, ningejipa nafasi nzuri zaidi.

Niko Kilwa Masoko, nauza simenti na nondo. Mtaani wananiita Injinia. Sijasomea popote, ila kila jambo nina maoni nalo.

Basi tukaitwa kikao cha wananchi. Kuna pendekezo kwamba kitengo cha dharura cha hospitali yetu kishushwe hadhi, kibaki kutibu magonjwa madogo. Mahututi wapelekwe Lindi.

Mkono wa kwanza kunyooka ulikuwa wangu. Nikasema naunga mkono, watu wanajaza emergency kwa mafua tu, lami ya Lindi ipo, tuangalie efficiency.

Hilo neno nililisikia redioni.

Sister Mwanaidi, muuguzi wa kitengo hicho, akasimama. "Kaka, mtu asiyeweza kupumua anafikaje Lindi?"

"Kwa gari, sister."

Watu wakacheka. Nikajiona nimeshinda.

Siku nne baadaye, mchana kweupe, nilikuwa kwa mama mkwe nakata matawi ya mti yaliyolalia paa. Panga likatua kwenye mzinga wa nyuki.

Wakuu, nilikimbia. Wakaniingia hadi kwenye suruali. Nikaivua palepale, mbele ya mama mkwe! Maskini, akageukia ukutani, akanirushia kanga yake bila kutazama.

Nilidhani ni maumivu tu. Mara midomo ikavimba, koo likabana, pumzi ikaanza kupiga mluzi. Jirani akanipakia kwenye bodaboda, ndani ya dakika chache tuko hospitali.

Aliyenipokea ni nani? Sister Mwanaidi.

Sindano ya paja, oksijeni, dripu. Nilitaka kumwomba msamaha ila ulimi umejaa mdomo mzima.

"Usiongee," akasema. "Pumua tu."

Akageukia dripu yangu. Bora angenisema.

Nilipopata nafuu nikamuuliza daktari kama ningefika Lindi.

"Hata Nangurukuru hapo njiani usingefika."

Kikao kilichofuata nilikwenda na jicho moja bado limevimba. Nikasimama nikasema maneno yangu ya mwanzo yalikuwa upuuzi, wayafute, kitengo kibaki kilivyo. Walicheka kuliko mara ya kwanza, lakini watu wengi wakasimama baada yangu, kila mmoja akimtaja wake aliyeokolewa mle ndani. Mama mmoja alishindwa kumaliza, akakaa.

Maoni yameandikwa. Uamuzi haujatoka hadi leo ninapoandika.

Nilichojifunza ni kwamba nilikuwa naamua kuhusu wagonjwa huku mimi nina afya tele. Ni rahisi sana kuongea hivyo.

Wa Pande, wa Mchinga, kwenu mtu akizidiwa anakimbizwa wapi? Tuambiane. Na mwenye kunicheka acheke, ila aandike na maoni yake kuhusu hospitali yetu kabla hawajafunga daftari la maoni.