Ubora wa Mwewe wa Nne

Pale gereji hakuna aliyemwita kwa jina lake. Wateja walimwita fundi, meneja alimwita mama, na sisi wengine tulimwita Mama Kona, maana hakuna gari alilokubali kusema limepona kabla hajalipeleka kwenye ile kona ndefu iliyo nyuma ya maghala. Kazi yake ilikuwa usukani, shokapu na magurudumu. Aliifanya miaka ishirini na mbili katika kampuni yetu, iliyokuwa ikiuza na kutengeneza gari moja tu la spoti, la milango miwili, ambalo kiwanda kililipa jina la Mwewe. Mimi nilikuwa mtu wa stoo ya vipuri. Alikuwa akija dirishani kwangu mara kumi kwa siku, mikono imejaa grisi, penseli imechomekwa kwenye kitambaa cha kichwa. Haya ninayoyasimulia mengine niliyaona, mengine alinieleza mwenyewe pale pale dirishani.

Alikuwa mtu wa maneno machache na mzaha mkavu. Mteja mmoja alimwuliza kama kweli mwanamke anaweza kunyoosha magurudumu ya gari la thamani ile. Akamjibu, "Magurudumu hayajawahi kuniuliza, bwana. Wewe ndiye wa kwanza."

Mdogo wake wa kiume alikuwa dereva hapo hapo kwetu. Aliwapelekea wateja magari yao mapya, na kuwazungusha wale waliotaka kuonja kabla ya kununua. Yeye tulimwita Mayai, kwa sababu aliendesha kama mtu aliyejaza trei za mayai kwenye buti. Vijana wenye pesa walimlalamikia kwa meneja: wamekuja kujaribu gari la spoti, wanaendeshwa kama wanapelekwa kliniki. Mayai alicheka tu. "Gari linakimbia," alisema, "lakini mimi sikimbizwi na mtu."

Mwewe wa tatu, yaani toleo la tatu la gari hilo, alipotoka, magazeti yalimsifu mpaka wino ukakaribia kuisha. Mama Kona alimpeleka kwenye kona yake, akarudi, akazima injini, akabaki amekaa ndani. Nilimpelekea funguo za stoo, akaniambia bila kugeuka, "Nyuma kunacheza."

Alinieleza. Ukiwa katikati ya kona ndefu, kisha ukaachia mafuta ghafla, mguu ukatoka kwenye pedali, uzito wa gari unahamia mbele. Mkono wa chuma unaoshika gurudumu la nyuma ulikuwa na raba laini kupita kiasi. Raba inajikunja, gurudumu linageuka kwa upana wa ukucha, na kitako cha gari kinataka kumpita dereva. Akaandika barua ya kurasa mbili, akachora kwa penseli mkono mfupi wa pili, urefu wa kijiko, wa kuusaidia ule wa kwanza. Meneja akaituma kiwandani. Baada ya wiki tano likaja jibu la mstari mmoja: wamechunguza, hawakuona tatizo.

"Labda nazeeka," alisema Mama Kona, akaikunja ile barua, akaitia mfukoni.

Wiki mbili baadaye, Jumanne asubuhi, Mayai alikuwa anampelekea mteja Mwewe wa tatu mwekundu. Kwenye kona ya barabara kuu lori likajitokeza kutoka njia ya pembeni. Akaachia mafuta. Gari likazunguka mara mbili, likatoka barabarani, likapiga kalavati kwa ubavu. Uti wa mgongo ulivunjika. Alipozinduka hospitalini, na mipira puani, neno la kwanza alilomwambia dada yake lilikuwa, "Dada, nilikuwa tisini." Kona ile iliruhusu kilomita mia kwa saa.

Kampuni ilileta mtaalamu wake. Mtaalamu akapima mabaki, akaandika mia na arobaini. Meneja akamletea Mama Kona fomu ya ukaguzi, kwa kuwa yeye ndiye aliyelikagua gari lile kabla halijatoka: asaini kwamba halikuwa na kasoro. Alisita. Meneja akamkumbusha jibu la kiwanda. Waliolitengeneza wanasema zima, yeye ni nani aseme bovu? Akasaini. Mayai akaachishwa kazi kwa uzembe.

Alimchukua mdogo wake nyumbani kwake. Alitanua milango kwa ajili ya kiti cha magurudumu, akamwaga mteremko wa saruji mahali pa ngazi, akamwekea meza karibu na dirisha la mbele, na hapo Mayai akajifunza kutengeneza simu. Waliishi hivyo miaka kumi na moja. Walipendana, na kama ndugu wote wanaoishi chumba kwa chumba, waligombana: juu ya chumvi, juu ya redio, juu ya nani aliacha bomba wazi. Na kila ugomvi ulipokuwa mkali, Mama Kona alikuwa na neno lake la kufungia mlango: "Ungepunguza mwendo, leo usingekuwa hapo." Mayai akishaambiwa hivyo alirudi kwenye simu zake.

Ndipo akaja Mwewe wa nne.

Gereji nzima ilikuwa na swali moja: huyu ni bora kuliko waliomtangulia, au ni rangi tu? Fundi wa injini aliapa kwamba Mwewe halisi alikuwa wa kwanza. "Wa kwanza alikuwa na sauti," alisema. "Huyu ana kaseti." Na kweli, ngurumo yake nyingine ilitoka kwenye spika. Fundi wa umeme naye akasema wazee hawapendi kitu chochote wasichoweza kukifungua kwa spana namba kumi na tatu. Mama Kona alichukua funguo, akaenda kwenye kona yake.

Aliporudi alilipandisha gari kwenye jeki kubwa, akaingia chini na tochi. Alikaa huko muda mrefu. Kisha akaja dirishani kwangu, na kwa mara ya kwanza katika miaka mingi nikamwona anatabasamu na meno.

"Ameshika," alisema. "Nimeachia mafuta kwa mia na kumi, ametulia kama ugali kwenye sahani. Na unajua wameweka nini nyuma? Mkono mfupi wa pili. Urefu wa kijiko! Wamewaza kama nilivyowaza mimi."

Alifurahi siku nzima. Namkumbuka anaimba kwa pua huku akinawa mikono.

Siku ya pili yake alifika mkufunzi kutoka kiwandani, kijana mpole wa shati lililopigwa pasi, kutufundisha gari jipya. Tulikaa kwenye viti vya plastiki, akawasha projekta. Alipofika kwenye magurudumu ya nyuma alisema, "Huu mkono mpya una historia nzuri. Wazo lake lilitoka kwa fundi mmoja, mahali fulani, aliyetuandikia barua."

Ukutani ukatokea mchoro wa penseli. Pembeni yake kulikuwa na doa jeusi la kidole. Mimi nilimtazama Mama Kona. Yeye alikuwa anautazama ukuta.

"Hiyo barua mliipokea lini?" aliuliza.

"Muhuri ule pale juu, mama. Ni miaka kumi na moja sasa."

"Mlipolijaribu gari, tatizo lilionekana?"

"Vizuri sana. Wiki ile ile. Ukiachia mafuta ghafla, nyuma inachomoka."

"Kuanzia mwendo gani?"

Mkufunzi akatazama karatasi zake. "Themanini."

"Sasa yule wa tatu mbona hamkumrekebisha?"

"Ingebidi kuyarudisha magari yote kiwandani," alisema mkufunzi, kwa upole, kama mtu anayeeleza kwa nini mvua hunyesha. "Wakubwa waliona heri kusubiri toleo jipya."

"Mliniandikia hakuna tatizo."

"Wewe?"

"Mwandiko ni wangu. Na hilo doa ni la kidole changu."

Uso wa yule kijana uling'aa. Hakujua lolote, maskini. "Kumbe ni wewe mwenyewe! Jamani, tumpigie makofi!"

Na watu wakapiga makofi. Wengine walikuwa wageni, hawakuwahi hata kumwona Mayai. Nilijikuta na mimi nimeinua mikono, nikaishusha. Mama Kona alisimama, akachukua mkoba wake, akatoka.

Nyumbani alimkuta Mayai mezani, bisibisi mkononi, simu ya mtu imefumuliwa mbele yake.

"Umerudi mapema," alisema Mayai. "Umefukuzwa?"

"Ulikuwa tisini."

Mayai aliweka bisibisi chini. "Nilikuambia."

"Najua."

"Hapana, dada. Sasa ndiyo unajua. Mimi nilikuambia nikiwa na mipira puani."

Akamweleza yote, amesimama, mkoba bado begani. Barua, muhuri, themanini. Mayai alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali ambalo dada yake hakulitarajia.

"Huyo mpya, umempeleka kwenye kona?"

"Nimempeleka."

"Anashika?"

"Anashika."

"Basi ni bora," alisema Mayai, akacheka kicheko kibaya. "Safi. Wamejitahidi."

"Mdogo wangu, wale watu..."

"Kiwanda nakielewa. Kiwanda hakinijui, kinajua vyuma na hesabu. Wewe ulinijua. Mji mzima uliniita Mayai! Umekaa pembeni yangu mara ngapi unaniambia nikanyage mafuta tuwahi? Halafu karatasi ikasema mia na arobaini, ukaamini karatasi."

"Nilikuwa na jibu lao mfukoni. Walinisainisha."

"Kwenye fomu, sawa, walikushika mkono. Na humu ndani? Kila tulipogombana, humu ndani nani alikushika ulimi?"

Mama Kona aliniambia kwamba alitafuta jibu. Aliingia jikoni kulitafuta, akawasha jiko, akalizima, akarudi bila kitu.

Jumamosi ilikuwa siku ya kumwonyesha Mwewe wa nne kwa wateja. Meneja alimwomba aseme maneno mawili, maana wenye magari ya spoti walimwamini kuliko muuzaji yeyote. Nilidhani atakataa. Alikubali. Alisimama kando ya gari la rangi ya fedha, ndani ya ovaroli safi, akashika kipaza sauti kama anavyoshika spana.

"Mnauliza kama huyu ni bora kuliko wa tatu," alisema. "Ni bora. Ana mkono mdogo nyuma, niliouchora mimi miaka kumi na moja iliyopita. Waliujaribu, wakaona ni kweli, wakauweka kabatini mpaka wapate gari jipya la kuuza. Wiki saba baada ya kupokea barua yangu, mdogo wangu alivunjika mgongo, na mimi nikasaini kwamba kosa ni lake. Kama hapa kuna mwenye Mwewe wa tatu, akiwa kwenye kona asiachie mafuta ghafla. Hayo tu."

Mtu akakohoa. Bibi mmoja wa miwani mikubwa akacheka kidogo, akidhani ni mzaha, akaacha. Bwana mmoja akauliza kama inapatikana rangi ya kijivu. Meneja alikuwa amekwisha kukichukua kipaza sauti. "Mmemsikia fundi wetu mkuu," alisema. "Ni bora!" Muziki ukapandishwa. Kabla ya saa nane magari yote tisa yalikuwa na wenyewe. Wiki iliyofuata picha ya Mama Kona ilitoka gazetini, na chini yake yale maneno mawili, ni bora, kwa herufi nene.

Mayai aliliona. Alilikunja, akalitandika chini ya simu aliyokuwa anaifungua, ili skrubu zisipotee.

Walikwenda kwa wakili, kila mmoja amekaa upande wake. Wakili alisikitika, akawaambia muda wa kufungua kesi ulikwisha kupita siku nyingi. Mwezi uliofuata Mayai alihamia kwa shangazi yao, mtaa wa tatu. Mama Kona ndiye aliyekwenda kule kumwaga mteremko wa saruji mlangoni, akapiga magoti kutwa nzima na mwiko. Mdogo wake alimtazama kutoka dirishani. Alipomaliza alimwambia, "Asante, dada," kwa adabu, kama unavyomwambia fundi wa watu.

Yeye mwenyewe aliacha kazi. Alikodi banda kando ya barabara ya viwandani, akanunua mashine ya kuchomelea, akaanza kuwatengenezea Mwewe wa tatu ule mkono mfupi wa pili. Mimi nilimpa orodha ya wenye magari hayo kutoka stoo, jambo ambalo lingenifukuzisha kazi. Magari yalikuwa ishirini na saba katika mji wetu. Wenyewe wengine walikuja, wengine aliwafuata majumbani na kugonga geti. Wawili walimfukuza, wakasema ni wivu wa aliyeacha kazi.

Kila Jumapili anakwenda kwa shangazi. Chai anapewa. Wanazungumza magoti ya shangazi, bei ya sukari, bati linalovuja. Magari hayatajwi.

Juzi nilipeleka simu yangu kwa Mayai, kioo kimepasuka. Alikuwa ameinama juu yake, akauliza bila kunitazama, "Wale wa tatu, amebakiza wangapi?"

"Wanane."

Akapuliza vumbi kwenye kioo. "Mwambie asiwaache hao wanane."

Nilipitia bandani, nikamwambia. Mama Kona alitikisa kichwa kukubali, akashusha miwani ya kuchomelea, akaendelea na kazi.