Mota Ndogo ya Sajenti Mbwana

Nakumbuka asubuhi moja ya masika, mwanangu, nilipokuwa askari kijana kule mpakani, Ruvuma imefura na nguo zetu zimesahau kukauka. Leo nina mvi, na magoti yananung'unika kila nikirukuu, lakini asubuhi ile naiona kama ninavyokuona wewe. Kila nikimaliza kuswali namtaja mtu mmoja katika dua, nami nataka ujue kwa nini.

Mtu huyo ni Sajenti Mbwana, Mngindo wa Kikole. Mimi ni Mmatumbi wa Kinjumbi, na sisi kwa sisi tulikuwa watani. Jeshini kuna vyeo, naam, lakini mtani ni mtani hata akivaa nyota. Aliniita mla ming'oko, ile mizizi ya porini tunayochimba kwetu, nami nikamwita majina ambayo mbele yako sitayasema.

Kazi yetu ilikuwa mota. Mota ni mzinga wa askari wa miguu: bomba la chuma limesimama juu ya kitako kizito, unadondosha kombora mdomoni, linapaa juu na kuangukia mbele kwa adui. Tulikuwa nazo za aina mbili. Kubwa ilirusha mbali sana, ila ilivutwa na gari. Ndogo ilifunguliwa vipande ikabebwa mabegani, na kombora lake halikufika hata nusu ya mwendo wa ile nyingine. Sisi vijana tuliipenda kubwa. Kijana hupenda kinachonguruma.

Asubuhi hiyo ikaja habari kwa redio kwamba wenzetu waliokwenda doria wamebanwa kwenye kona ya mto. Adui yuko kilimani mbele yao, na mgongoni ni maji. Miongoni mwao alikuwamo Abdallah, niliyekua naye Kinjumbi, tukala sahani moja na kuingia jeshini pamoja.

Sajenti akatuuliza tupeleke mota ipi. Nikawahi kujibu kwamba ni kubwa, maana itapiga toka mbali nasi tutakuwa salama. Ningeishia hapo ingekuwa heri. Nikaongeza kwamba labda Wangindo wanaogopa mizigo, ndiyo maana anauliza. Wenzangu wakacheka, na yeye akacheka. Kupanda mchongoma, mwanangu, kushuka ndiyo ngoma.

Akanionyesha kitako cha ile mota kubwa, akaniambia nikibebe mpaka pale njia inapoingia bondeni. Hata hiyo kubwa isingefika kwenye kona ya mto ikipigwa toka kambini, ilibidi ivuke bonde kwanza, na bondeni lori la chakula lilikuwa limenasa kwenye tope tangu jana yake. Nikainama, nikavuta, mishipa ikanisimama shingoni. Kitako hakikufika hata gotini. Hakuna aliyecheka tena.

Sajenti akasogea, akanisemesha taratibu.

"Mtani, kombora hili linafika mbali, sikatai. Ila sisi hatufiki nalo. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na ndugu yako hana nafasi ya kungoja tope likauke."

Tukabeba ndogo. Mimi nilipewa kitako chake, na hicho nacho si mto wa kulalia. Kila mtu alichukua makombora aliyoweza; hata mpishi aliyatia kwenye mfuko wa unga akajitwisha kichwani. Tope lilitufika magotini, tukapokezana, tukaanguka, tukainuka. Njiani nilimwomba Mungu jambo moja tu, nimkute Abdallah yu hai.

Tulipofika kwenye kilima cha upande wetu bado milio ya bunduki ilisikika, na kwangu sauti ile ilikuwa njema, maana waliokufa hawapigi. Sajenti akafunga mota, akapima kwa jicho na kwa chombo chake. Kombora la kwanza likapita, la pili likapungua, yaliyofuata yakaangukia penyewe. Adui akaacha kupiga, na wenzetu wakatoka wakitambaa kando ya mto. Abdallah alikuwa na kiatu kimoja. Akaniuliza mbona nimekawia, kisha akakaa chini akalia, nami nikalia naye bila haya yoyote.

Abdallah huyo alimwoa dada yangu. Watoto wake wananiita mjomba, na korosho za shamba lake la Njinjo ndizo unazotafuna sasa hivi. Nikiwaona wale watoto namshukuru Mungu, halafu namshukuru Mngindo.

Mwaka jana Sajenti alifariki kwao Kikole. Tulikwenda, Abdallah na mimi, wazee wawili wa mikongojo. Jeneza lilipoinuliwa nikalizuia, kama mtani anavyoruhusiwa, na waliokuwapo wakajua utani umeanza. Nikasema, "Mngindo, ulinikataza kubeba nisichoweza. Leo nabisha." Watu wakacheka huku wanalia. Nikatia bega mbele, Abdallah akatia nyuma, na vijana walipotaka kutupokea tukawakatalia mpaka kaburini. Bega liliniuma siku nyingi, nami nililifurahia.

Basi sikiliza, mwanangu. Utaonyeshwa vitu vinavyofika mbali: mashine, kazi za mijini, hata rafiki mwenye maneno marefu. Usiwe na haraka ya kuuliza kinafika wapi. Uliza kwanza kama utaweza kukifikisha pale unapohitajika, siku ya mvua, njia ikiwa tope. Na mkubwa wako akikutania mbele za watu, msikilize mpaka mwisho, huenda anamwokoa ndugu yako.

Mungu akupe bega la kutosha mzigo wako, akupe na mtani wa kukwambia ukweli. Ukiswali leo, mtaje Sajenti Mbwana. Amina.