Dobi na Nafasi ya Sita Ukutani

Kama hujawahi kuona mwanamume mzima akijipamba kwa ajili ya ukuta, ungemwona mume wa dobi Jumamosi ile. Fundi cherehani huyu, enzi zake akiitwa Umeme, alikuwa winga wa timu ya mtaa, namba saba mgongoni. Sasa klabu ilikuwa inachora sura za magwiji wake sita kwenye ukuta wa ukumbi. Watano walikuwa wameshachorwa, imebaki nafasi moja, na Umeme alikuwa ameshajiona pale. Alinyoa ndevu, akapaka piko mvi zote, akavaa koti, ili mchoraji asihangaike. Kisha akaenda kukaa kiti cha nyuma, eti amekuja kusikiliza tu.

Dobi mwenyewe alifika baadaye na furushi la jezi za mechi ya kesho. Kazi hiyo aliianza kabla hajaolewa, na kwa miaka ishirini na nane hakuna jezi ya klabu ambayo haikupita mikononi mwake. Alikuta kamati imegawanyika watatu kwa watatu, mapovu yanawatoka. Upande mmoja ulimtaka Umeme kwa lile bao lake la fainali. Mweka hazina alisema siku ile aliwapiga chenga watu watatu. Katibu akasema watano. Kwa mwendo ule, mwakani tutaambiwa alimpiga chenga na mwamuzi. Upande wa pili ulimtaka Kisiki, beki wa kushoto, siku hizi fundi mwashi, ambaye saa hiyo alikuwa juu ya ngazi akipiga plasta nyumba ya watu, hana habari. Kisiki alifunga bao moja tu maishani, nalo la kujifunga.

Mwenyekiti, njaa inamuuma, ndipo akamgeukia dobi. Akasema jasho la wachezaji wote hawa limepita kwa huyu mama, basi aseme yeye, na atakayemtaja ndiye atakayechorwa.

Dobi aliweka furushi chini. Alimwona mumewe kule nyuma akinyoosha kola. Jamani, alimpenda yule mtu, na piko lake na yote. Neno moja tu lingemfanya atembee kifua mbele mpaka siku ya kufa kwake, na nani angemlaumu mke kwa kumpigia debe mumewe? Lakini mikono yake ilikuwa inakumbuka. Kwa mambo mengine angeweza kudanganya kidogo. Kwa kufua, hapana.

"Jezi ya Kisiki nilikuwa nailoweka kutwa nzima, nasugua, nabadilisha maji mara tatu," akasema. "Tope, majani, siku nyingine damu. Ya mume wangu nilikuwa naipiga pasi tu."

Watu wakavunjika mbavu. Mchoraji akashika meza asianguke. Umeme naye alicheka, kicheko cha kulazimisha, akatoka kabla ya wenzake.

Njiani hakumsemesha mkewe. Nyumbani alikaa kwenye cherehani, na kwa hasira akaushona mguu mmoja wa suruali ya mteja mpaka ukazibika. Dobi aliichukua, akaketi, akaanza kuufumua. Alimwambia kwamba inamuuma sana kumwona hivyo, na kwamba angeulizwa tena angesema vilevile.



"Kama nilikuwa mchezaji wa bure namna hiyo," Umeme akauliza, "wewe ulinipendea nini?"

"Mwenzangu, nilikuwa na jezi kumi na moja kila Jumatatu, na mgongo mmoja. Kumi zilikuwa zinanitoa machozi. Nikiifikia yako najisemea, huyu hata akinioa hatanichosha."

Umeme alimtazama. Akauliza polepole kama ameshawahi kumwambia mtu mwingine maneno hayo. Hajawahi. Basi akavuta kigoda karibu, akashika upande wa pili wa suruali, wakaendelea kufumua wote wawili.

Kufika Jumatatu Umeme alikuwa anamwambia kila mteja kwamba ule ukuta wamewaachia watu wachafu. Yeye alishachaguliwa zamani, kwa kura moja, na hakuna aliyeipinga.