Tutaonana, Mbwa wa Magurudumu

Juzi, rafiki yangu, nilipita kijijini Nkololo, nikatafuta ile safu yetu ya nyumba za kijiji cha ujamaa. Pamebaki shamba la dengu. Watu wa mji wa jirani walikuwa wanachemsha michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na harufu yake ikanirudisha utotoni. Hasira yangu nayo ikaamka, wala sikuizuia.

Kabla ya kuhamishwa, kila mji, yaani boma la familia moja, ulikuwa mbali na mwingine, na mbwa wa bibi alilinda mbuga nzima. Tulipopangwa kwa mistari, nani angemweleza mbwa kwamba mpaka wake sasa unaishia kwenye ua? Akaendelea kufukuza kuku wa watu. Jirani yetu, mjumbe wa nyumba kumi, akampiga kiunoni kwa mpini wa jembe. Miguu ya nyuma ikafa pale pale.

Mjumbe hakuomba radhi. Alimfuata bibi kisimani, mbele ya wanawake wote, akamwambia, "Mayu, mbwa wa kujiburuta anatia kijiji aibu. Tukimaliza kuchuma pamba hajatembea, nammaliza mwenyewe."

"Na akitembea?" bibi akauliza.

"Akitembea, nitanyamaza."

Siku ile ile bibi akambadilisha mbwa jina. Kwetu jina la mbwa ni ujumbe kwa jirani. Alimwita Tutaonana, na kila alipomwita aligeukia nyumba ya mjumbe, akapaza sauti.

Mjomba alikuwa fundi wa mikokoteni ya ng'ombe. Akachonga magurudumu mawili ya mti, akayavika mpira wa tairi, akashona mkanda wa gunia la pamba wa kubeba kiuno. Kumfundisha nikaachiwa mimi, mjukuu wa kike asiye na kazi zaidi ya kuteka maji. Lo, mbwa aligoma! Alirudi nyuma, akapinduka, akatafuna gunia. Nilimwonyesha michembe, nikamwonyesha hata mfupa, akaniangalia tu. Nililia sana, maana pamba ilikuwa inakwisha mashambani.

Asubuhi moja mjumbe akatoka nje akikohoa. Tutaonana akasimamisha masikio, akanguruma, miguu ya mbele ikavuta, na magurudumu yakaviringika. Bibi alicheka hadi akakaa chini. Kumbe mnyama naye ana kinyongo! Tangu hapo mazoezi yetu yote tukayafanyia karibu na ua wa mjumbe, na mbwa akawa anajifunza vizuri mno.

Siku ya mwisho ya kuchuma shamba la ujamaa, mjumbe alikuwa amesimama akituamrisha. Nikafungua kamba. Mbwa akaenda moja kwa moja, magurudumu yakilia kwii kwii katikati ya mistari ya pamba. Mheshimiwa akatimua mbio, akaacha katambuga moja ya tairi nyuma, akaparamia mkokoteni. Watu waliangusha magunia kwa kicheko. Bibi akamsogelea taratibu.

"Ulisema akitembea utanyamaza. Haya, nyamaza."

Akanyamaza, na Tutaonana akafa kwa uzee wake.

Leo safu zile hazipo. Bibi hayupo, mjomba hayupo, na zile nyimbo za kupokezana wakati wa kuchuma sizisikii popote. Hayo yote nayalilia. Mjumbe naye ametangulia, na ndugu zangu wananisihi nimsamehe, eti marehemu hasemwi vibaya. Mimi nawauliza, tangu lini kufa kukawa kuomba radhi?