Nilichochea Mashabiki Wamzomee Mdogo Wangu kwa Kuacha Rap

Admin, naomba ufiche jina langu na la mdogo wangu, maana hapa Gitega watu wanamjua sana.

Mimi ni mwanamke wa miaka 31, nina mtoto mmoja, ninaishi mtaa wa Nyamugari na ninashona nguo. Nilizaliwa kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania, mkoa wa Kigoma. Baba alifia huko. Amani iliporudi tulirudi kwetu Burundi watatu: mama, mimi na mdogo wangu ambaye namzidi miaka minne. Mama akaenda kulima shamba letu kijijini Ryansoro, sisi wawili tukaja mjini.

Mdogo wangu mnamjua kama rapa. Msichojua ni kwamba mistari yote iliyompa jina niliiandika mimi. Tulianza kambini. Yeye kusoma ni kwa shida, lakini sauti anayo na haogopi watu. Nilikuwa namsomea mstari mmoja mmoja kwenye foleni ya maji, anaushika papo hapo. Tuliporudi Burundi watoto wa mtaani wakatucheka kwa Kirundi chetu kibovu, wakatuita Watanzania. Nikaandika wimbo juu ya kicheko hicho, na wimbo huo ndio uliomtoa. Sikuwahi kutaka jina langu litajwe. Ilinitosha kusikia mtu anapita mbele ya cherehani yangu akiimba maneno yangu bila kujua.

Asubuhi moja mwaka jana nikamsikia redioni. Hakuwa akichana mistari, alikuwa akiimba. Wimbo wa mapenzi, polepole, na gitaa. Mtangazaji akamuuliza kwa nini marapa wakishafanikiwa wanakimbilia nyimbo laini. Akacheka: "Msanii anakua, kaka. Siwezi kupiga kelele maisha yangu yote."

Kelele! Nikasimamisha cherehani. Kazi yangu ya miaka yote ile ameiita kelele, tena mimi nimeijua habari hiyo kupitia redio. Nilipompigia alisema tu, "Dada, najaribu kitu. Usikasirike." Nikakata simu.

Wiki ileile nikafungua akaunti yenye jina la mwanaume, jina la uongo, nikaandika mtandaoni chini ya wimbo wake: "Umeuza rap ukanunua machozi. Rudisha mistari!" Nilidhani nitaandika mara moja tu nipoe. Watu wakaipenda, wakaisambaza. Kila alipoweka wimbo mpya, wa kwanza kumchoma nilikuwa mimi. Na mimi ni dada yake, najua panapomuuma. Niliandika hata kwamba hajawahi kutunga rap yake mwenyewe.

Mwezi uliopita alialikwa kuimba Muyinga, onyesho la mchana uwanjani. Nilimsindikiza, nguo ya jukwaani nilimshonea mimi. Kwenye wimbo wa pili vijana wa mbele wakaanza: "Rudisha mistari! Rudisha mistari!" Uwanja mzima ukadaka. Chupa ya maji ikarushwa, ikampiga begani. Akajaribu kuendelea, sauti ikamkatika. Akaweka kipaza sauti chini akaondoka. Mimi nilikuwa pembeni ya jukwaa, nasikia maneno niliyoyaandika nikiwa peke yangu chumbani yakitoka kwenye midomo ya watu wote wale.

Tulikuwa kwenye gari tunarudi Gitega, tumeshapita Karuzi. Nikamuuliza, "Kwa nini hukuwachania tu ule wimbo wa zamani?"

"Ule ni wako, dada," akasema. "Miaka yote wananisifu, mimi naona aibu, kwa sababu sifa ni zako. Hizi za kuimba natunga mwenyewe kichwani. Ziwe mbaya, ziwe nzuri, ni zangu. Nilijua utafurahi kwamba sasa umepumzika."

Nikageukia dirishani asinione ninavyolia.

Kisha akasema, "Huyu mwenye akaunti nimemjua. Kwamba situngi mwenyewe tunajua watu watatu tu: mimi, wewe na Bahati. Wewe huwezi, basi ni yeye."

Bahati (siyo jina lake) ni Mkongomani wa Kivu Kusini, alikuja kama mkimbizi. Ndiye prodyuza aliyeturekodi tangu mwanzo, kwenye studio ya mtaa wa Yoba ambayo siku hizi mdogo wangu ndiye anailipia kodi. Kesho yake mdogo wangu alimfukuza studio mbele ya watu, na amesema ataweka picha ya Bahati mtandaoni ili mashabiki wamjue aliyemharibia. Juzi Bahati alikuja kwangu, na mke wake amebeba mtoto mchanga mgongoni.

"Dada, mi nakuapia, siyo miye," akasema. "Ule mutu mi simujui hata. Yeye anakuskiaka weye tu. Umuambie, tafazali."

Nikamjibu, "Nitaongea naye." Akanishika mikono miwili akaniombea baraka. Nilipobaki peke yangu nikafuta akaunti, lakini mdogo wangu ana picha za skrini za kila nilichoandika.

Sasa mama amesema Jumapili tukutane Ryansoro, Bahati aje ajieleze kabla hiyo picha haijawekwa. Jana kanipigia: "Mwana wanje (mwanangu), wewe ndiye una maneno. Wewe ndiye utamuuliza maswali."

Mdogo wangu hana dada mwingine. Akijua ni mimi, naogopa hatanitazama tena, na naogopa zaidi kwamba hataimba tena. Nikinyamaza, mtu asiye na kosa atatukanwa na nchi nzima, nchi ambayo siyo kwao.

Nitukaneni, nastahili, lakini mkimaliza mniambie: nimfuate mdogo wangu nimwambie tukiwa wawili, au niseme Jumapili mbele ya mama na Bahati mwenyewe akisikia? Bahati atakuja na mke wake. Nishaurini kabla hawajapanda gari.