Beki Aliyekaa Benchi

Wewe ni mtoto wa jirani, lakini nakuita mwanangu; kabla hujaondoka kwenda kutafuta nafasi yako, nisikilize. Nakumbuka asubuhi moja ya baridi kule Gatitu, nje kidogo ya mji wa Nyeri, miaka michache baada ya Uhuru, mama aliponifunua blanketi nikiwa nimelala na kuniwekea jembe kando ya kitanda.

Nilikuwa beki wa timu ya Nyeri mjini, kijana aliyeanza kujulikana hadi Nanyuki. Huko Nanyuki ndiko nilikogongana na mshambuliaji wao mmoja mrefu tuliyemwita Twiga, goti langu likavunjika. Nilikaa na plasta mpaka masika yakaisha. Daktari alipoitoa alisema mguu umepona, nianze kutembea taratibu. Mimi nikaenda kulala. Kocha alikuwa ameshapata beki mwingine, nami niliona haya kuonekana njiani nikichechemea.

Mama aliniita Baba, maana nilipewa jina la baba yake, nami nilimwita Maitu, yaani mama kwa Kikuyu.

"Baba, daktari alisema nini?"

"Alisema goti limepona, Maitu."

"Sasa anayeumwa hapa ni nani?"

Nilijaribu kulirudisha blanketi, mama akalishika.

"Baba yenu alipochukuliwa na askari wa mzungu wakati wa vita vya kudai Uhuru, nililazimishwa kuchimba handaki la kuzunguka kijiji mchana kutwa, jioni nikaja kuwapikia. Hakuna aliyeniuliza kama niko na nguvu. Amka."

Niliamka, mwanangu. Tulipalilia kahawa pamoja mpaka goti likazoea kupinda. Kisha nikaanza kukimbia hadi Kiganjo, kwenye chuo cha polisi, kila alfajiri, ukungu ukinilowesha nywele. Wenye maduka kule walidhani mimi ni kurutu wa polisi aliyeachwa nyuma na wenzake.

Nilipomrudia kocha, hakunizungusha. "Niko na beki tayari. Ukitaka, kaa benchi."

"Nitakaa," nikasema.

Nilikaa karibu msimu mzima, nikifanya mazoezi kama mtu atakayecheza kesho. Halafu wale wa Nanyuki wakaja kwetu, na siku hiyo beki wetu aliamka na malaria. Kocha aliniangalia goti, akaniangalia uso. "Ingia."

Twiga aliponijia mara ya kwanza, mguu wangu ulirudi nyuma wenyewe. Akanipita, akapiga, mpira ukagonga mwamba wa goli.

"Wewe!" kipa wetu akafoka. "Kama unaogopa, toka!"

Nilikuwa naogopa, sikufichi. Alipokuja tena nilimsubiri mpaka akausukuma mpira mbele kidogo, nikaingia na mguu ule ule uliovunjika, nikauchukua safi. Niliumia, lakini goti lilishika. Hakunipita tena. Tulitoka sare, na kocha hakuniondoa tena kikosini. Kutoka hapo niliitwa Nairobi, kwenye timu kubwa, na mpira ukawa ndio kazi iliyosomesha watoto wangu.

Mwanangu, usingoje woga uishe ndipo uanze. Wangu haukuisha hata nilipokuwa nahodha. Niliingia nao uwanjani kila Jumamosi, nikacheza. Ukiambiwa nafasi imejaa, usigombane na aliyeichukua, wala usirudi nyumbani. Kaa benchi, lakini kaa umevaa viatu. Na anayekukemea kwa kuwa anakupenda, msikilize hata kama maneno yake yanachoma.

Nenda sasa. Mungu akutangulie unakokwenda, akupe pumzi ya kufika mwisho, na wazazi wako waishi waone kazi ya mikono yako.