Makazi ya Kudumu

Kaka alikuwa mtaalamu wa magonjwa ya kahawa. Wanunuzi binafsi walipoingia Mbinga na ushirika ukayumba, kituo alichofanyia utafiti kilifungwa, naye akaenda kusoma ng'ambo. Baada ya miaka michache aliniandikia akitaka vyeti vyake vyote, pamoja na barua za wakulima ambao mashamba yao aliyaokoa. Nchi ile, alieleza, humpa haki ya kuishi huko mtu aliyefanya makubwa katika kazi yake, hata kama hana mwajiri.

Mama ndiye aliyepita nyumba kwa nyumba, kijijini kwetu Matiri, kuziomba zile barua. Wasiojua kuandika waliniambia la kusema, wakatia dole gumba. Mama aliamini anamtafutia mwanawe cheo, arudi kuwa mkubwa wa kilimo wilayani. Sikumsahihisha.

Jibu la kaka lilikuja msimu wa kuchuma. Mama alilileta kutoka parokiani, akaniambia, "Soma." Niliipitia barua kimya kwanza, kama nilivyozoea, kisha nikampa habari kwa ufupi, kwa Kiswahili kilekile cha ofisini alichoandika kaka.

"Mama, kaka amepata makazi ya kudumu."

Nyumbani tulisema Kimatengo. Kiswahili cha mama kilikuwa cha kanisani, na kanisani maneno ya namna hiyo husemwa jeneza likiwa mbele ya altare. Alipiga yowe, akaketi chini, akafungua kitambaa cha kichwa.

Kabla sijamtuliza, wanawake walikuwa wamefika, wengine na kuni kichwani, wengine na unga. Akaja mzee wa Kingoni, mtani wetu, nikamwamkia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Aliugua nini?"

"Hajafa. Ni mzima. Amepewa kibali cha kuishi kule moja kwa moja."

Mzee alicheka hadi akashika mbavu. "Wamatengo ninyi! Msiba mmeuanza, marehemu mwenyewe hana habari! Basi nipeni pombe ya matanga, nimetembea bure?"

Wanawake nao wakacheka. Mama hakucheka.

"Moja kwa moja ni mpaka lini?" aliniuliza.

"Maisha yake yote, mama. Ila anaweza kuja kututembelea."

"Kama mgeni."

Nilianza kuikunja barua.

"Zile barua tulizoomba, ndizo zilizompa hayo makazi?"

"Ndizo, mama."

Aliangalia mikono yake. Jirani mmoja aliinama kuokota mzigo wake wa kuni ili aondoke. Mama akamzuia. "Ziache. Kuni za msiba hazirudi nyumbani."

Wakabandika sufuria. Tulikula ugali na maharage uani, wageni wakizungumza kwa sauti ya chini, bila kujua wampe mama pole au hongera. Wengi walimshika mkono tu.

Jumatatu nilimjibu kaka. Niliandika kwamba mama amepokea habari kwa furaha kubwa, na kwamba majirani wote walikuja.